Kalavati la Mtaa wa Mafundi

Kama kuna neno lililokuwa linampandisha Fundi presha, ni tabianchi. Si kwamba hakulielewa. Binti yake alikuwa chuo na alishamweleza mara nyingi wakati wa kula, mpaka chakula kikapoa. Kilichomuudhi ni jinsi neno lenyewe lilivyogeuzwa kisingizio. Mtaro umeziba, tabianchi. Choo kimefurika, tabianchi. Moshi wa kiwanda cha magodoro unakohoza watu mchana kutwa, eti nao ni mambo ya dunia nzima, tuvumilie. Jamani, mtu atavumilia mpaka lini uvundo ulio chini ya dirisha lake kwa kusimuliwa habari za barafu iliyo huko mwisho wa dunia?

Fundi alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa mbao, sponji, misumari na vipande vya kitambaa. Chumba cha nyuma alilala mama yake, ambaye tangu apigwe na kiharusi hakuweza kusimama. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimegoma kabisa, ila ulimi ulibaki mzima, tena mkali. Dirisha lake lilitazama mtaro. Mtaro huo ulipita mbele ya mafundi wote wa mtaa, kisha ukaingia chini ya barabara kwenye kalavati, na kalavati lilikuwa limeziba. Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wote.

Mvua zilizopita, Fundi alikuwa amepeleka makochi kwa mteja na binti yuko chuoni. Maji ya mtaro yalipokosa pa kupita yakarudi nyuma, yakaingia ndani, meusi, yana mafuta na kila uchafu unaoujua na usioujua. Fundi aliporudi alimkuta mama ameshikilia mbao za kitanda kwa mkono mmoja, godoro limeshakunywa maji, na maji yenyewe yamefika mbavuni. Hakuwa analia. Alikuwa anamtukana mtu ambaye hayupo. Afisa mazingira wa halmashauri, aliyekuwa akipita kukagua mafuriko, aliingia nyuma ya Fundi akapiga picha. Baada ya hapo kifua kikamshika, akalazwa, na daktari akasema waziwazi kwamba kifua kile hakitastahimili maji machafu mara ya pili. Ndiyo maana Fundi hakuwa na mchezo na habari ya kalavati. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya tena.

Akaenda ofisi ya halmashauri, kama alivyokwisha kwenda mara nyingi hata mlinzi alikuwa hamuulizi tena anamtaka nani. Safari hii aligota mlangoni. Ukutani palikuwa na bango kubwa kuliko mlango wenyewe, na kwenye bango alikuwa mama yake. Mama yake mzazi, amelowa, kichwa wazi, mdomo wazi, kitanda kinaelea. Chini yake maandishi makubwa: TABIANCHI INA SURA.

Afisa mazingira alimpokea kwa tabasamu. Alikuwa kijana bado, shati limenyooka, viatu vinang'aa, ofisi yake ina ubaridi wa mashine.

"Karibu, mzee wangu. Umeliona bango? Mama ametutoa kimasomaso."

"Nani amekuruhusu kumbandika mama yangu ukutani?"

"Si nilipiga picha na wewe ukiwepo?"

"Ulisema ni za kuharakisha msaada."

"Na ndio msaada wenyewe. Watu wapate kuelewa ukubwa wa tatizo. Kesho kutwa tuna kongamano hapo ukumbini, wageni wanatoka mbali."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya kalavati," Fundi alisema.

Afisa alishusha pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Fundi, kalavati ni jambo dogo. Joto la dunia likienda hivi, vitukuu wako hawatakuwa na pa kuishi."

"Na mama yangu? Yeye ataishi wapi mvua ikinyesha wiki hii?"

"Kalavati liko chini ya idara ya barabara. Sisi hapa ni mazingira."

"Wa barabara wanasema uchafu ni wa mazingira."

"Basi ndiyo hivyo. Tunafuatilia."

Ukitaka kumpasua mtu moyo bila kumgusa, mwambie tunafuatilia. Fundi alitoka bila kuaga, na yeye si mtu wa kutoka bila kuaga.

Nyumbani alimweleza mama yake yote. Mama alisikiliza huku akitazama dari.

"Wamenipiga kichwa wazi?"

"Kichwa wazi, mama."

"Na mdomo?"

"Wazi vilevile."

"Nilikuwa nakutukana wewe kwa kuchelewa," mama alisema. "Sasa wao wanasema naililia dunia. Hawa watu hawana haya hata kidogo."

Binti, aliyekuwa anamkanda bibi yake mguu, aliona aseme. "Baba, usikasirike, lakini joto linapanda kweli. Mvua za siku hizi zinakuja kwa fujo."

"Uzushi mtupu. Bibi yako ameona mvua za kutwa kucha. Muulize kama aliwahi kuogelea kitandani."

"Mtaro ulikuwa wazi," bibi alisema. "Tulikuwa tunafulia humo humo."

"Haya, baba, tuseme mvua zimezidi. Si ndiyo sababu zaidi ya kulifungua hilo kalavati?"

Hapo hasira ikamzidi Fundi. "Kamwambie hivyo afisa wako."

"Si wangu," binti alisema, akaendelea kukanda mguu.

Asubuhi yake Fundi hakufungua karakana. Aliazima koleo na reki, akakunja suruali, akaingia mtaroni mwenyewe. Jirani yake wa ng'ambo, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima walimwita Spoku, alimtazama kwa muda, akacheka, kisha akavua viatu akamfuata. Binti naye akajifunga kitambaa puani akashuka. Kalavati lilikuwa limekabwa mpaka juu. Walitoa sponji za kiwanda, zimevimba na kunyonya maji ya miaka, nzito ajabu. Wakatoa chupa, nepi, ndala zisizo na wenzao. Kila koleo lilipopanda, Fundi aliwapa wenye kiwanda haki yao kwa maneno ambayo binti alijifanya hayasikii.

Kisha Spoku akavuta kitu kirefu, akakifutia kwenye suruali yake. Ulikuwa ukanda wa ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee, una maua ya njano. Akavuta mwingine. Halafu ukaja mzigo mzima umejisokota.

"Fundi," Spoku alisema taratibu, "hiki kiwanda cha magodoro kimeanza kushona makochi lini?"

Hakukuwa na fundi mwingine mtaani aliyetumia ngozi ile. Fundi aliipokea, akaigeuza mkononi. Mafundi wote wa mtaa ule walifunga kazi kwa namna moja. Jioni ikifika, kila mtu hufagia karakana yake kuelekea mlangoni, akapiga fagio la mwisho, taka zikaanguka mtaroni. Mvua itabeba, walisema. Baba yake Fundi alifanya hivyo hivyo, lakini wakati wake taka zilikuwa randa za mbao na manyasi ya kujazia viti, vitu vya kuoza. Randa zilipogeuka sponji na manyasi yakawa plastiki, fagio halikugeuka. Hakuna aliyekaa akafikiri. Kumbe yeye aliyekuwa anagombana na mji mzima kwa ajili ya mama yake, ndiye aliyekuwa anamtilia maji kitandani kila jioni kwa fagio lake mwenyewe.

Aliketi ukingoni. Aliona aibu, na aibu ilimchoma kuliko hasira. Binti alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," alimwambia.

Binti alimpa koleo lake tu, akashuka tena.

"Na mipira ya baiskeli humu ni ya nani?" Fundi alimuuliza Spoku baadaye.

"Hiyo nimeshaiona," Spoku alijibu. "Nilikuwa nangoja uisahau."

Mchana ulipopinda, maji yalianza kupita. Walisikia kalavati likinguruma tumboni, sauti ambayo Fundi alikuwa ameisahau. Chumbani mama naye aliisikia, akaita, "Ndiyo hiyo," na Fundi akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Rundo la taka walilipanga kando ya barabara, limefika kifuani mwa mtu. Wakapiga simu halmashauri waje kulizoa. Wakaambiwa gari litakuja kesho.

Na kesho yake, ajabu, lilikuja. Tingatinga kabisa. Fundi alimpungia mkono dereva, akaingia ndani kumnywesha mama chai. Akiwa ameshika kikombe akasikia injini ikikazana, kisha kishindo, kisha sauti ya maji ikakatika. Alipotoka, barabara ilikuwa nyeupe, imefagiliwa kama sebule ya wageni. Rundo lote lilikuwa limesukumwa mtaroni, palepale mdomoni mwa kalavati, na tingatinga linalishindilia kwa kijiko chake.

"Unafanya nini wewe?"

"Mzee, nimetumwa barabara iwe safi, wageni wa kongamano wanapita," dereva alisema. "Kwani si safi?"

Ungemjibu nini mtu kama huyo? Ndipo gari la afisa mazingira likafika, akateremka kukagua, akachungulia mtaroni huku ameshika tai isimning'inie.

"Unaona sasa, Fundi? Tatizo ni nyinyi wenyewe wananchi. Hizi si ngozi za makochi?"

"Ni zangu," Fundi alisema mbele ya watu waliokuwa wanakusanyika. "Nilizitupa mimi, nikazitoa mimi, na humu sitatupa tena. Wewe umezirudisha. Juzi uliniambia ni mbingu. Leo unaniambia ni mimi. Na za kiwanda huzioni. Sasa naomba uniambie, siku yako wewe ni lini?"

Afisa alitazama saa. "Tutaongea baada ya kongamano." Akapanda gari, akaondoka. Tingatinga nalo likaondoka. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye mabati.

Fundi hakupoteza muda kulaani. Karakanani palikuwa na kochi jipya linalomngoja mwenyewe, refu, la kulala mtu. Alimbeba mama, akamlaza juu yake, akamfunika kwa nailoni.

"Tunakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Mahali pakavu, mama. Halmashauri wana ngazi."

"Nitie kilemba basi. Safari hii nikaonekane mtu."

Spoku alishika upande mmoja, mafundi wengine wakashika pembe zilizobaki, wakapanda nalo kwenye barabara ile ile iliyosafishwa, mvua ikiwapiga mgongoni. Binti alibaki nyuma kuokoa vitu vya bibi. Walipanda ngazi za halmashauri wakaliweka kochi mlangoni mwa ukumbi, chini ya paa. Wageni walikuwa wanaingia wakifunga miavuli. Ilibidi kila mmoja azunguke kochi, na kila aliyezunguka alimtazama mama, akaangalia bango, akamtazama tena.

Afisa alitoka mbio. Safari hii hakuwa na tabasamu. "Fundi, nakuomba, mtoe huyu mama hapa. Unatuaibisha."

"Nimpeleke wapi?"

"Kwake."

"Kwake umekuziba asubuhi."

Mgeni mmoja, mwanamama wa umri wa mama mwenyewe, aliinama. "Mama, ni wewe wa kwenye picha? Pole sana na hii tabianchi."

"Asante, dada," mama alisema. "Huyo sina ugomvi naye, hajawahi kuja kwangu. Aliyekuja kwangu ni huyu kijana hapa, na tingatinga."

Mgeni alimgeukia afisa. Afisa akaanza kueleza habari za idara ya barabara. Alikuwa hajafika mbali binti alipotokea kwenye ngazi, amelowa chapachapa, begi la dawa za bibi limepakatwa kifuani. Alikuwa anahema.

"Yameingia, baba. Yamepita godoro."

Mama alifumba macho, mkono wake mzima ukashika ukingo wa kochi. Fundi aliushika. Alifikiri juu ya mkono huo ukishikilia mbao za kitanda peke yake, muda huu huu, kama angekubali kungoja kongamano liishe. Hasira ilimpanda mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Umesikia?" alimuuliza afisa. "Wakati unaeleza, yamepita godoro."

"Tutamtafutia chumba cha muda," afisa alisema chini chini.

"Nina changu," mama alisema, macho bado ameyafumba.

Fundi alichukua koleo ambalo Spoku alikuja nalo begani, akamnyooshea afisa mbele ya wageni wote. Afisa alitazama koleo. Akawatazama wageni, nao walikuwa wanamngoja. Akatazama mvua, kisha viatu vyake.

"Vivue," mama alimwambia. "Maji yenyewe ni machafu."