Sifuri Mbele ya Bwana Isaiah

Mwaka wa tisini na sita, Bwana Isaiah wa bodi ya chuo alikuja kuamua kama maabara yangu ingebaki maabara au ingegeuzwa chumba cha ushonaji. Mimi, Khalayi, nilikuwa nimerudi Kakamega kutoka Kiev na kipande kimoja tu cha utando wa sumaku, mwembamba kuliko unywele. Miaka mitatu nilikuwa nimekihangaikia, na sasa nilipewa saa moja ya kukitetea.

Nilimweleza polepole. Ndani ya utando, chembe moja ya sumaku ikiyumba huiyumbisha ya jirani, na wimbi husafiri hivyo mpaka mwisho. Mawimbi mawili yakikutana hujumlishana yenyewe. Mstari kwenye skrini ya kifaa changu ukipanda, jibu ni moja. Ukilala, jibu ni sifuri. Nilitaka kompyuta inayohesabu namna hiyo.

"Nionyeshe," akasema.

Hapo ujuaji ukaniponza. Badala ya kuanza na wimbi moja, nilianza na jambo gumu nililojivunia: mawimbi mawili yanayopingana mpaka yafutane. Nikawasha. Mstari ukalala kabisa, bila hata mtetemo. Shitanda, fundi wangu, akatabasamu.

Isaiah akanitazama kama anayenipa pole matangani. "Mwalimu, hizi mashine za Warusi zinakufanga tu hivi."

"Haijafa. Hiyo sifuri ndiyo jibu. Ngoja nizime wimbi moja, utaona mstari ukipanda."

Kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi, umeme ukapotea.

Nilimwomba. Sioni haya kusema nilimshika hadi mkono wa koti. Nikamwambia angoje nusu saa, kisha nikamwambia hata robo.

"Ninangojewa kule Khwisero, mwalimu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Akaandika kwenye faili lake, nami nikasoma nikiwa upande wa pili wa meza: kifaa hakifanyi kazi.

Gari lake lilikuwa limeshatoka langoni umeme uliporudi. Nikazima wimbi moja. Mstari ukapanda, ukatulia palepale nilipojua ungetulia. Nikatoka mbio, nikipunga mikono na kuliita jina lake barabarani mbele ya wanafunzi, nikakuta vumbi.

Niliporudi Shitanda alikuwa amesimama kando ya skrini.

"Madam, nizime?"

Nikamwambia auache mstari kidogo. Hakuna mwingine ambaye angeuona.