Zamu ya Wacera

Kabla hata ya kuwasha moto, Wacera alisogeza tena kitanda cha bintiye. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza upande wa mlimani, na manyunyu ya Julai, yale yasiyonyesha vizuri wala kukoma, yalikuwa yamepata njia mpya. Kagure aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya tumbo, akimtazama mamake akihangaika.

"Mama, wacha tu. Ukisogeza tena nitalala na mbuzi."

"Na hapo kwa mbuzi ndipo pakavu," Wacera alisema.

Walicheka, ila kicheko cha Wacera kilikatika upesi. Mtoto alikuwa karibu kuja, tena wa kwanza. Mwaka uliopita dada yake Wacera alianza uchungu katika nyumba kama hii, akabebwa kwa machela kuelekea hospitali ya Nyeri, akafia pale barabara inapoteremka mtoni. Tangu siku ile Wacera hakutaka hata kusikia neno machela.

Ndiyo maana alifanya jambo lililowafanya wengi wamwone mjinga. Wanawake wa kilima kile, juu ya Giakanja, walikuwa na chama cha mabati. Kila mmoja alitoa kidogo alichopata kwenye majani chai au maziwa, na mwenye zamu aliondolewa nyasi za paa, akaezekewa mabati mapya. Zamu ya Wacera ilipofika, ndipo Chifu Theuri alipotangaza kwamba serikali ingewaletea sista wa kuzalisha na dawa, mradi wajenge zahanati wenyewe. Basi wakabeba mawe mgongoni kutoka mtoni. Wakatoa kuku, na aliyekataa kutoa, askari wa chifu waliingia kwake wakamkamata kuku wenyewe. Kuta zikapanda, paa likakosekana. Wacera akasimama mbele ya wenzake akasema mabati yake yapigwe pale.

"Nyumba yangu itangoja," aliwaambia. "Uchungu haungoji."

Zahanati ikaisha, ikapakwa chokaa, ikatiwa kufuli. Kufuli ndicho kitu pekee ambacho serikali ilikileta upesi.

Sasa bajeti ilikuwa imesomwa redioni mwezi uliopita, na watu wote walimsikia msomaji akitaja fungu la afya kwa sauti nzito. Leo afisa alikuwa anakuja kutoka mjini. Nani angesafiri katika matope haya kama si kumleta sista? Kagure alivaa koti la babake, wakateremka polepole hadi uwanjani.

Land Rover ilipofika, wanawake waliizunguka. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kirefu chenye miguu.

"Kitanda cha kuzalia," Kagure alinong'ona.

Turubai likafunuliwa. Ilikuwa meza, na kiti chake. Sista hakuwamo.

Afisa aliitwa Bwana Peterson. Hakuwa mtu wa huko, kwa hiyo mkutano ukawa wa Kiswahili. Aliwapongeza sana. Kisha akaeleza kwamba katika makisio ya mwaka huu fungu la majengo lilikuwepo, lakini fungu la wafanyakazi halikutosha. Sista ni mshahara kila mwezi, ni dawa, ni pensheni. Jengo hujengwa mara moja likaisha.

"Na hiyo pesa ya jengo ilienda wapi," Wacera akauliza, "na hii nyumba tulijenga sisi?"

Afisa alitabasamu kama mwalimu wa chekechea. "Mama, jengo lenu tumelihesabu katika maendeleo ya serikali wilayani. Hiyo ni heshima kwenu."

"Mkijenga nyumba ya sista," Chifu Theuri akadakia, "mwaka ujao ataletwa. Tutafanya harambee ingine. Lakini hii haiwezi kukaa bure. Kwa sasa itakuwa ofisi yangu."

Dereva akaanza kuishusha meza. Kagure alimshika mamake mkono. Wacera alikuwa amejiandalia machozi, lakini kilichomjia ni hasira, safi kabisa, na ikamwondolea hata woga wa chifu.

"Wachuka," alimwita jirani yake, "ile ngazi ya fundi bado iko huko nyuma?"

Kilimani pale hata mtoto alijua kwamba mwanamke hapandi juu ya paa. Wacera alifunga leso kiunoni, akaomba nyundo, akapanda. Msumari wa kwanza uling'oka kwa kilio, na mkutano mzima ukainua macho.

"Shuka!" chifu aliamuru. "Hiyo ni mali ya serikali."

"Chifu, hii ni zamu yangu. Uliza chama. Ati serikali nayo iko na zamu kwa chama chetu? Ilianza kutoa lini?"

Wanawake waliangua kicheko. Chifu akamwashiria askari wake, Mutahi, ambaye alipiga hatua kuelekea kwenye ngazi, kisha akasimama. Aliyeishika ngazi kwa chini alikuwa Wachuka, mama yake mzazi.

"Njoo basi," Wachuka alimwambia bila kupandisha sauti. "Njoo uning'oe hapa."

Mutahi akaviangalia viatu vyake.

Bati la kwanza likateremshwa, likapokewa kwa mikono mingi. La pili likafuata. Manyunyu yakaanza kuingia ndani, yakaidondokea meza mpya iliyokuwa ndiyo kwanza imewekwa.

"Mama, utafungwa," afisa alisema. "Halafu fikiria. Ukibomoa zahanati, huyu binti yako atazalia wapi?"

Wacera alisimama wima juu ya mbao, akamtazama Kagure chini, ndani ya koti lile kubwa. Swali lilimuuma, kwa kuwa ndilo alilokuwa akijiuliza kila siku.

"Atazalia kwangu, pakavu. Hapa angezalishwa na nani? Na meza?" Alipangusa uso kwa mkono. "Bwana, ukirudi huko mjini, waambie zahanati iko tayari. Imebaki paa tu. Nyinyi mlete sista, na sisi tutaleta mabati, siku hiyo hiyo."

Akainama, akatafuta msumari mwingine.