Mashua Iliyogeuka Saa Tano Kasorobo

Etelvina alikuwa akimenya kitunguu mashua ilipogeuka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, siku ya pili tangu watoke Póvoa, upepo wa kaskazini ukiwasukuma na pwani ya Ureno iko mkono wa kushoto. Usukani ulizunguka wenyewe. Mashua ikarudi ilikotoka, ikazungukazunguka taratibu kwa saa mbili kama mtu aliyeangusha sindano, kisha ikashika tena njia ya kusini.

"Usukani umelegea," alisema Belmiro, mumewe.

"Basi ukaze."

Aliukaza. Kesho yake, saa tano kasorobo, mashua ikageuka.

Belmiro alikuwa nahodha wa uvuvi kwa miaka thelathini, na safari hii ya matanga hadi Cádiz, Hispania, alimwahidi mkewe tangu harusi yao. Etelvina hakujua kuogelea.

"Ukianguka nitageuka nikuokote," Belmiro alimwambia siku ya kung'oa nanga. "Kwani kwa Adelino sikugeuka?"

Adelino alikuwa mdogo wake Etelvina, kitinda mimba wa kwao. Alianguka baharini kutoka mashua ya Belmiro miaka kumi na tisa iliyopita, na hakuonekana tena. Karatasi ya bandarini ilisema nahodha aligeuka saa tano kasorobo, akamtafuta kwa saa mbili.

Walipotia nanga Nazaré waliwauliza wavuvi.

"Ya shemeji yangu hugeuka Jumapili tu," alisema mmoja, akiendelea kushona wavu. "Yenu ina bidii."

"Shukuru, Belmiro," alisema mwingine. "Umepata mashua yenye adabu kukushinda."

Walicheka wote isipokuwa Belmiro.

Karibu na Peniche, mashua ilipoanza kuzunguka, Etelvina alitupa boya la kuokolea, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa mtu akianguka. Alipovuta kamba, ilikuwa nzito. Boya lilileta sweta ya sufu nyeupe, kavu, yenye joto la mtu aliyeivua sasa hivi. Kifuani palikuwa na alama ya ukoo wa kina Etelvina, mguu wa kuku. Kaka wakubwa huongezewa mstari mdogo pembeni ya alama ya baba. Kitinda mimba huirithi tupu. Hii ilikuwa tupu. Etelvina aliitambua mishono, maana ilikuwa ya mkono wake.

"Sweta ziko nyingi duniani," alisema Belmiro.

"Uligeuka, Belmiro?"

"Niligeuka. Si ulisoma karatasi?"

Aliisoma. Lakini pia alikumbuka sokoni siku ile Adelino alipopotea. Sadini za Belmiro zilifika kabla ya za mtu yeyote, kana kwamba hakuna saa mbili zilizopotea, zingali zinarukaruka, na Etelvina mwenyewe aliziuza zote, akisifu ubichi wake kwa sauti kubwa, kabla hajaambiwa habari. Kwa miaka kumi na tisa hakupenda kulifikiria jambo hilo. Sasa hakuwa na soko la kwenda wala jirani wa kuongea naye. Alikuwa na maji, na Belmiro nyuma yake.

Tangu hapo alikaa katikati ya mashua, mkono mmoja umeshika mlingoti. Hakuteka tena maji kwa ndoo ukingoni. Mumewe alipoinuka, naye aliinuka. Saa tano kasorobo tu ndipo alipokwenda pembeni, kutupa boya, na kila siku kamba iliongezeka uzito. Mbele ya Sines lilikuja buti, limejaa maji ya moto.

"Ikate hiyo kamba, Vina," alisema Belmiro. Kisu kilikuwa mkononi mwake.

"Nipe mimi hicho kisu. Nina vitunguu."

Alimpa. Etelvina alilala nacho chini ya mto.

Kwenye rasi ya São Vicente vilitokea vidole vinne juu ya boya, kisha Adelino akapanda. Umri wake ulikuwa uleule, miaka ishirini na sita.

"Dada, umezeeka."

"Na wewe umechelewa. Kula."

Alimpa mkate na sadini za kuchoma. Belmiro alimsogezea chumvi.

"Karibu, shemeji. Nilikutafuta sana."

Adelino aliendelea kutafuna.

Katika bandari ya Lagos, hukohuko Ureno, karani aliwahesabu, akafuta wawili, akaandika watatu. Karatasi ya zamani hakuna aliyeiulizia.

Kesho yake saa tano kasorobo ilifika ikapita. Mashua haikugeuka.

"Nilikwambia ni usukani tu," alisema Belmiro, na kwa mara ya kwanza tangu Póvoa alipiga mluzi.

Etelvina alichukua kamba ya boya, akajifunga kiunoni mafundo matatu. Ncha ya pili aliipitisha mbele ya mumewe, aliyekuwa amekwisha kunyoosha mkono kuipokea, akamkabidhi Adelino, ambaye viganja vyake vilikuwa bado vinachuruzika maji.

Bado siku mbili kufika Cádiz.