Mwenye Kamba Huning'inia Kwanza

Kombo alipokuwa mkwezi wa minazi pale Utende, salamu yake aliitoa juu kwenye makuti, na wewe uliye chini ukaiitikia huku umekinga kichwa kwa mikono. Alikuwa na dharau kidogo kwa watu watembeao ardhini. Siku alipoteleza akashuka mnazi bila kutumia miguu, mji mzima ulisikitika, na wengine walisikitika mpaka wakashindwa kuficha meno.

Mganga wa viungo alimuunga mguu, nao ukaungika kweli, ila tangu siku hiyo ukawa unakwenda upande wake na Kombo upande wake. Kukwea tena ikawa ndoto.

Misaada ikamiminika. Hamdu, mwenye shamba, alileta sahani ya tende na pole nyingi, na kabla tende hazijaisha alikwisha kumpandisha mkwezi mwingine. Jirani Muhidini alikuja kumwambia kwamba subira huvuta heri, akasubiri kahawa, akanywa, akaenda zake. Waliokuwa na lao moyoni walipita barazani wakikumbushana kwa sauti kwamba aliye juu mngoje chini. Ukiziacha zile tende, hakuna aliyeleta kitu kinachoingia chunguni.

Mkwewe, mzee Shaabani, angalau alisema wazi.

"Mkono mtupu haulambwi, Kombo. Mwanangu sikumwoza aje kukupepea nzi. Ramadhani ikituandamia nawe huna kazi, namrudisha Kidawa nyumbani."

"Vyema, baba," akajibu Kombo, maana angesema nini? Lakini moyo ulimpasuka. Alimpenda mkewe, na hofu ya kumkosa ilimuuma kuliko mguu.

Kidawa hakulia wala hakubishana na babake. Alimshika mumewe mkono akamchechemeza mpaka pwani, kwa Bi Mwanamkuu, mkubwa wa wanawake wanaofanya kamba za usumba. Kazi yenyewe ni hii: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya pwani, maji yakawa yanakupwa na kujaa juu yake miezi na miezi, hadi yaoze. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, na nyuzi zake zikasokotwa kamba. Ni kazi ya wanawake tangu minazi iwe minazi, na wanaume walikuwa radhi kuwaachia heshima hiyo pamoja na harufu yake.

"Shikamoo, bibi," akasema Kombo, macho chini.

"Marahaba."

Wanawake walicheka mpaka rungu zikawaponyoka. Biubwa, mwenye mdomo kuliko wote, akauliza kama bwana huyu ataletewa na kanga ya kujifunga.

"Makumbi hayaulizi nani ana ndevu," akasema Bi Mwanamkuu. "Kaa, mwanangu. Ponda."

Akaponda. Akafukia na yake mwenyewe, kwenye shimo lake. Lakini mkwezi ni mtu aliyezoea kuifuata nazi leo na kuila leo. Haukupita muda akalifukua shimo lake kwa siri, makumbi hayajaoza hata nusu, akasokota kamba nzuri, ya kupendeza macho. Bi Mwanamkuu akaikanyaga ncha moja, akavuta nyingine. Ikakatika kama tambi. Akaitupa motoni, chini ya chungu cha uji.

"Angalau imetufaa," akasema. "Matope hayaharakishwi, mwanangu. Fukia tena."

Afukie tena, na Ramadhani ile inakuja! Kombo akakaa mchangani ameinamisha kichwa. Hapo Biubwa akainuka, akamgawia nusu ya makumbi ya shimo lake, yaliyoiva, huku akinung'unika kwamba hamsaidii yeye, anamsitiri Kidawa na aibu ya mume mpumbavu. Wengine wakafuata, kila mmoja na matusi yake na fungu lake. Wakamfundisha vidole mpaka vikajua. Kidawa akawa anamletea maji, akikaa kumtazama anavyosokota.

Ila kulikuwa na desturi. Kamba ya kwanza ya mwanagenzi haitumiki, wala yeye hahesabiwi kuwa na kazi, mpaka aning'inizwe nayo kwenye tawi la mtondoo, mbele ya watu. Wakwezi na mabaharia watazikabidhi kamba hizo roho zao, basi aanze yeye na yake. Wanawake wote walikwisha kuning'inizwa. Biubwa alidai yeye aliimba. Kombo, tangu aanguke, hata kitanda kirefu alikiogopa.

Siku ilipofika, Ramadhani iko mlangoni, watu walijaa kama harusini. Mzee Shaabani alikuja na punda wa kubebea sanduku la binti yake, kwa jinsi alivyokuwa na matumaini.

Wakamfunga Kombo kamba chini ya makwapa, wakaipitisha juu ya tawi, wanawake wakavuta. Ardhi ikamwacha. Alitamani kupiga kelele ashushwe, akaona haya. Kamba ikalia juu ya tawi. Jasho likamtiririka, akafumba macho, akaanza shahada.

Alipoyafumbua, akamwona Kidawa amesimama chini yake hasa, uso ameuinua.

"Kidawa!" akapiga kelele Shaabani. "Toka hapo, atakuangukia!"

"Sitoki, baba. Kamba hii nimeiona ikisokotwa."

"Na ikikatika?"

"Haikatiki. Ila naona wavutaji wamechoka."

Mzee akageuka. Kweli, wanawake walikuwa wakicheka, na mikono inateleza. Akamwachia punda, kilemba kikamdondoka, akaurukia mkia wa ile kamba, akajizungushia kiunoni, akachimbia visigino mchangani. Mtu aliyekuja kumtenga Kombo na mkewe sasa alikuwa amemshikilia hewani kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Huko juu Kombo akalia machozi, na safari hii hakuona haya.

"Yatosha," akasema Bi Mwanamkuu. "Mshusheni."

"Taratibu!" akafoka Shaabani. "Taratibu, nasema! Mwanangu yuko chini!"

Wakamteremsha pole pole mpaka mguu mzima ukagusa mchanga, kisha ule wa pili. Kidawa akampokea kifuani. Watu wakashangilia, wanawake wakaiachia kamba, nayo ikalegea.

Mzee Shaabani peke yake ndiye aliyekuwa bado ameing'ang'ania.