Mita Mia Tatu Kaskazini

Bikoni ya tatu, nguzo ya mpaka wa kiwanja, iliangukia nyuma ya jiko la Theodosia, hatua mbili kutoka ukutani. Maana yake nyumba yake yote ilikuwa ndani ya kiwanja cha mtu mwingine, aliyetaka kujenga ghala.

Theodosia alikuwa mjane, mkulima wa mahindi hapo Mshangano. Asubuhi ile aliwapikia wapimaji uji wa ulezi, akidhani wanapima barabara. Sasa alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Rudieni kupima, baba," alimwambia Isidori, mwenye ofisi ya upimaji. "Nimekaa hapa miaka ishirini na moja. Kiwanja cha ghala tunakijua wote, kiko kule chini, karibu na mfereji."

"Mama, hiki kifaa kinaongea na satelaiti, kinaongea na mtandao. Kikikosea sana ni sentimita mbili. Wewe ukikosea ni ngapi?"

Vibarua wakacheka. Theodosia naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Kifaa kilikuwa mikononi mwa Aurelia. Hakusomea upimaji chuoni. Alijifunza kwa Isidori kwa miaka sita, kuanzia kufyeka njia mpaka kushika kontrola, kompyuta ndogo ya kifaa. Kabla ya kupima chochote, Isidori alimfundisha, simamisha fimbo ya kifaa juu ya bikoni ya zamani inayojulikana, uone kama namba zinakubaliana. Asubuhi ile bikoni ya karibu ilikuwa umbali wa kilomita moja na nusu, kwenye majani marefu, na walikuwa wamechelewa.

"Tupige kazi," Isidori alisema. "Leo mtandao ni mzuri."

Kontrola ilipouliza datamu, yaani namba za ramani zihesabiwe kwa msingi upi, Aurelia alibonyeza palipoandikwa 'kama kazi iliyopita'. Kazi iliyopita ilikuwa ya Mpitimbi, kwa WGS 84, msingi wa satelaiti. Ramani ya kiwanja cha ghala ilichorwa mwaka 1986, na chini kabisa, kwa herufi ndogo za taipureta, iliandikwa Arc 1960, msingi wa zamani. Mtandao ulikuwa mzuri kweli. Kifaa kilitafuta kila pembe kwa usahihi wa sentimita mbili, mahali pasipohusika.

Theodosia alipewa siku saba za kuhama kabla ya kubomolewa. Hakuwa na hati, ila karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Siku ya tano, Jumatatu, Aurelia alitumwa peke yake kupima kiwanja kingine cha ramani ileile. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Alisoma ramani mpaka chini, akaweka Arc 1960, akaisaka bikoni ya zamani kwenye majani mpaka akaipata. Namba zilikubaliana. Ndipo akakumbuka maneno ya yule mama, akafungua kwenye kontrola pembe za kiwanja cha ghala. Zilikuwa kule chini, karibu na mfereji. Akarudisha WGS 84. Zikaruka karibu mita mia tatu kaskazini, mpaka nyuma ya jiko.

Alikaa chini. Kisha akahesabu: bado siku mbili. Akampigia Isidori.

"Bosi, tulikosea datamu. Kiwanja kiko alikosema mama."

"Umemwambia nani?"

"Bado. Nakwenda kwake sasa hivi."

"Aurelia, rudi kwanza ofisini..."

Alikata simu, akasimamisha bodaboda. Njia nzima alikuwa na furaha, kama mtu anayepeleka habari za mgonjwa aliyepona.

Nyumba haikuwepo. Palikuwa na tofali zilizopangwa vizuri, bati zilizolazwa chini ya mawe, na milango miwili. Theodosia alikuwa amekalia mmoja, akinyoosha misumari kwa nyundo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Viti viko kwa jirani, kaa mlangoni." Akacheka. "Mwambie bosi wako sikungoja siku saba. Greda likija halibakizi kitu. Jumuiya yetu ya kanisa wamekuja Jumamosi, watu kumi na wanane, tumeimba, tumebomoa. Bati zimepona zote isipokuwa nne."

Aurelia alimweleza. Alieleza polepole, na hakuficha kwamba kidole chake ndicho kilichobonyeza.

"Kwa hiyo nyumba ilikuwa mahali pake," Theodosia alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umejua leo."

"Leo asubuhi."

Theodosia aligeuza msumari mkononi. "Ungejua Ijumaa, mwanangu."

Isidori alifika kwa gari. Alishuka akiwa amekunja uso, akazitazama tofali, kisha mabega yake yakashuka taratibu.

"Pole sana, mama. Nani kabomoa?"

"Mimi na jumuiya yangu."

"Greda lilikuja?"

"Hapana."

"Mgambo?"

"Hapana."

"Basi hakuna aliyekubomolea." Alitoa karatasi, akaandika juu ya boneti ya gari. "Hapa nasema umebomoa kwa hiari yako na humdai mtu. Tia saini, kesho napeleka marekebisho, kiwanja kinabaki chako. Usipotia, ramani inabaki ilivyo, na mwenye ghala anaanza kuchimba msingi keshokutwa."

Theodosia hakuipokea karatasi. Alimtazama Aurelia.

"Wewe ndiye uliyeniambia kweli. Hii nitie?"

Isidori alisema kwa upole, bila kumtazama mtu, "Kwenye kontrola kazi ile imeandikwa jina la nani, Aurelia?"

Upepo uliinua ncha ya bati moja, ikagonga jiwe. Aurelia alikuwa na watoto wawili na kazi moja.

"Tia, mama," alisema.

Theodosia aliipokea karatasi, akailaza juu ya mlango, akaandika jina lake herufi moja moja.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza, kalamu bado mkononi.

Aurelia akamtajia, naye akaiandika.