Mshipa Uliotoweka Kwenye Skrini

Kila alfajiri, wakati wa kujiandaa kwenda kazini, fundi vigae alikuwa akishika kifua. Jasho linamtoka, anaguna, mkewe anamkimbiza hospitali. Wakifika, maumivu yamekwisha na kipimo cha moyo hakionyeshi kitu. Wenzake kazini wakambatiza Mgonjwa wa Jumatatu, ingawa hata Jumapili alikuwa anaumwa. Mkewe, fundi cherehani asiyekawia kujibu, alimtetea mwanzoni. Mwisho naye akachoka. Asubuhi moja alimmwagia maji kitandani: "Amka, baba! Maigizo yamekwisha."

Siku mbili baadaye, daktari wa moyo alipitisha mrija mwembamba kwenye mkono wa fundi hadi moyoni. Mke aliruhusiwa kusimama chumba cha pili, nyuma ya kioo, atazame skrini. Mishipa ya moyo ilionekana myeusi, laini, haina kizuizi popote.

"Si nilisema?" mke akamnong'oneza nesi aliyesimama naye. "Mtu yuko buheri wa afya."

Sauti ya daktari ikasikika kwenye spika: "Sasa naweka dawa ya kuuchokoza mshipa, tuone kama utashtuka."

Mshipa mkubwa wa mbele ukaanza kusinyaa. Ukawa mwembamba kama uzi. Halafu haukuwepo.

Mke akashika meza. "Umeenda wapi? Nesi, mshipa umeenda wapi?"

Kitandani fundi akaguna, mguno uleule wa alfajiri. Mashine zikaanza kulia.

"Mfungulie!" Mke alikuwa anagonga kioo kwa viganja vyote viwili. "Daktari, mfungulie mume wangu!"

Dawa nyingine ikapita mrijani. Mshipa ukachomoza tena, kidogo kidogo, mpaka ukarudi upana wake.

Daktari alipotoka alimkuta mke amekaa sakafuni, midomo imemkauka.

"Mama, ukuta wa mshipa una misuli. Ndani ya kila seli ya misuli hiyo kuna vijifuko vya kalsiamu. Ishara ikifika, vinaimwaga, na kalsiamu nyingine inaingia kutoka nje. Hapo misuli inajikaza. Kalsiamu ikiondolewa, misuli inalegea. Kwa mumeo inajikaza kupita kiasi, hasa alfajiri. Mkifika hapa, imeshalegea."

"Kalsiamu si ile ya kwenye maziwa? Nimkataze maziwa?"

"Mwache anywe. Tatizo si maziwa, ni misuli kushtuka ovyo. Nitampa vidonge vya kupunguza kalsiamu inayoingia humo."

"Na mshipa ungebaki umejifunga?"

Daktari akajibu: "Tungempoteza."

"Nilimmwagia maji," akasema mke, kama anajiambia mwenyewe.

Fundi akatolewa akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, amepauka. "Umeona?"

Mke alitaka kumwomba radhi. Akamshika vidole, akatembea naye hivyo korido nzima.

Vidonge vilimkubali. Maumivu yakapungua, kisha yakakoma, na fundi akarudi kwenye vigae vyake. Ila mkewe, hadi leo, anaamka kabla hakujapambazuka, anamwekea kiganja kifuani, na hakiondoi mpaka jua litoke.