Kiti cha Dirishani, Safu ya Tisa

Saa saba mchana ndege ilikuwa imesimama juani, abiria wamejaa pomoni, milango imefungwa na kipoza hewa kimezimwa. Ndiyo amri ya ofisi: ndege ikiwa chini, mafuta yasichezewe. Jua linapiga bati, bati linapasha hewa, na kila abiria naye ni jiko dogo. Hata hivyo ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, kwa sababu ya mama wa mhudumu wa ndege hiyo, aliyekaa dirishani, safu ya tisa. Marehemu.

Alifia kwenye kiti hichohicho mwezi uliopita, wakisubiri kuruka. "Mwanangu, nachemka," alilalamika, na binti, kama alivyofundishwa kumjibu kila abiria, akasema, "Vumilia mama, tukiruka kutapoa." Waliporuka kulipoa kweli. Mama alikuwa keshakata roho.

Baada ya maziko mama alirudi kitini. Maiti hana joto lake. Huvuta la wenzake, na la watu wote mle lilimwingia yeye peke yake. Kioo chake kiliganda barafu. Abiria walipanga soda zao miguuni pake zipate baridi, wakamwambia, "Bibi, Mungu akuzidishie." Yeye alijipepea tu, jasho likimtiririka, akiuliza kama bado hawajaruka.

Mhudumu alishindwa kuvumilia, akaenda kwa meneja.

"Bosi, washeni kipoza hewa, mama ashuke akapumzike. Anaungua kila siku mbele ya macho yangu!"

"Pole sana, dada," meneja alisema, na huruma alikuwa nayo kweli, maana alimsogezea kiti. "Lakini ndiyo hivyo, kufa kufaana. Kipoza hewa cha ndege ile tumeshakiuza. Cha ndege ya pili nacho tumepata mteja."

"Na abiria wa ndege ya pili je?"

"Si mama alikuwa na mdogo wake? Tumempa tiketi ya bure. Rambirambi."

Mhudumu akatoka mbio, viatu mkononi, mpaka ilipoegeshwa ndege ya pili. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Akaupiga kwa ngumi, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mama mdogo alikuwa dirishani, safu ya tisa, amevaa sweta zito la sufu kwa kuwa aliambiwa angani kuna baridi. Alimwona, akafurahi, akampungia mkono. Kisha akafuta jasho, akageuka kumwuliza kitu mhudumu wa humo ndani.

Yule akainama, akatabasamu, akamjibu.